9H Haijui Mchanga wa Mbagala

Ingia duka lolote la vifaa vya simu, iwe Makumbusho, Tandika au Mbagala Rangi Tatu, uulize protekta. Muuzaji hatakuuliza unafanya kazi gani wala kutwa unashinda wapi. Atachomoa pakiti iliyoandikwa 9H, atakigonga kioo juu ya kaunta, kisha atachukua ufunguo akikwaruze mbele ya macho yako. Hakuna alama. "Umeona bosi? Hii hata upitishe kisu haichubuki." Unatoa pesa, unabandikiwa, unaondoka umeridhika. Na ukimwambia unaifikiria simu ya kukunja, atakutazama kwa huruma: zile laini mno, hazifai huku kwetu.

Kusifu kigumu na kudharau kilicho laini ni imani moja, na haiko kwa wauzaji tu. Utaisikia kwa mafundi simu, utaisikia kijiweni, na wasomi wenye digrii zao wanairudia bila kuihoji. Naipinga yote, mwanzo hadi mwisho. Kioo kinachomfaa mkazi wa Kinondoni au Temeke hupimwa kwa mambo mawili ambayo 9H haiyagusi kabisa: kinafanywa nini na mchanga wetu, na kinasomekaje chini ya jua letu.

Tuanze na hiyo 9H yenyewe. Ni kipimo cha penseli. Penseli za kuchorea hutofautiana kwa kiasi cha udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na grafiti, na 9H ndiyo ngumu kuliko zote katika ngazi inayotumika. Viwandani hushikwa kwa pembe ya digrii 45, ikawekewa uzito, ikasukumwa juu ya rangi au utando uliokauka. Isipoacha mkwaruzo, utando umefaulu. Kipimo kilibuniwa kwa ajili ya rangi na vanishi, na kwa kazi hiyo ni kipimo kizuri. Lakini kioo cha kawaida, hata cha dirisha la choo, kinaishinda penseli ya 9H bila jasho. Kuandika 9H juu ya pakiti ya kioo ni kama kumsifu mvuvi wa Feri kwamba hazami kwenye beseni.

Wengi wanadhani ile 9 ni ya ngazi nyingine, ile aliyoipanga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambamo ulanga ni 1 na almasi ni 10. Katika ngazi hiyo 9 ni mahali pa yakuti. Kioo cha simu, hata kile kilichoimarishwa kwa kemikali, huanza kuchubuka kwenye 6 na kuchimbika kwenye 7. Ufunguo wa muuzaji, ambao mara nyingi ni wa shaba ya manjano, uko kwenye 3 au 4. Kisu chake kwa kawaida hakifiki 6. Maonyesho yote yale ya kaunta, basi, ni kitu laini kinachoshindwa kukikwaruza kitu kigumu, na sisi tunapiga makofi.

Na 7 ni nini? Ni kwatzi. Kwatzi ni nini? Ni mchanga. Mji huu wa Dar es Salaam umekaa juu ya mchanga wa pwani, na sehemu kubwa ya mchanga huo ni punje za kwatzi. Uko Kigamboni ufukweni, uko kwenye vichochoro vya Mbagala, unapakuliwa kwa malori kila panapojengwa nyumba, na mvua za masika zikikatika unabaki umetandaa kandokando ya lami. Wakazi wa Tegeta hulilalamikia vumbi la machimbo ya chokaa ya Wazo Hill, na mapafu yao yana haki ya kulalamika. Lakini mawe ya chokaa yenyewe yana ugumu wa 3 tu, hayawezi kuchora kioo. Adui wa simu ni punje unayoibeba mwenyewe ndani ya mfuko wa jinzi, au ile iliyonasa kwenye upindo wa kanga unayoitumia kufutia. Punje ikiwa imelala peke yake juu ya kioo haina neno. Ikibanwa kati ya kitambaa na kioo, na kidole kikaisukuma, inalima.

Hapo ndipo hoja ya ugumu inapoishiwa pumzi. Kumshinda kwatzi kwa ugumu kunahitaji yakuti au almasi, vitu ambavyo huvipati kwa bei ya protekta. Yeyote anayekuuzia kioo cha kawaida kwa ahadi ya kuushinda mchanga anakuuzia kitu kisichowezekana. Iko njia nyingine, na wanaotengeneza tando za kinga wameifuata kwa miaka: kuacha kushindana na punje, utando ubonyee punje ikipita, kisha ujirudi. Filamu za poliurethani hufanya hivyo. Mkwaruzo mwepesi hufifia wenyewe baada ya muda, hasa kukiwa na joto, na joto sisi hatuna shida nalo. Zile protekta za haidrojeli zinazokatwa kwa mashine ndogo dukani ni ndugu wa filamu hizo. Wengi wenye simu za kioo kilichopinda kingo wameshazitumia, kwa sababu kioo kigumu hakikubali kirahisi kukaa pale. Kwa hiyo utando unaonyumbuka si kitu cha Dubai wala cha Seoul. Uko Tandika, unabandikwa leo.

Sitaki kuupamba. Poliurethani za bei ya chini hugeuka njano zikipigwa na jua, na ukucha mkali huzichana. Mafundi wanaozisema vibaya kwa sababu hiyo wanasema kweli. Wanachokosea ni kuhitimisha kwamba tatizo ni ulaini. Tatizo ni kemia iliyochaguliwa: zipo poliurethani za aina nyingine, ghali kidogo, zinazokaa juani bila kubadilika rangi. Mnunuzi hazijui kwa sababu pakiti imejaa 9H, wala haisemi lolote kuhusu jua.

Sasa simu za kukunja, ambazo zimefanywa ushahidi mkuu wa wapinzani wangu. Wanakumbusha mwaka 2019. Samsung ilitoa Galaxy Fold ya kwanza kwa waandishi, baadhi yao wakabandua utando wa juu wakidhani ni protekta ya njiani, skrini zikafa, na mauzo yakasogezwa kutoka Aprili hadi Septemba. Ni kweli yote. Lakini tuulize kwa nini walitumia plastiki badala ya kioo kinene. Hesabu yake ni ya darasani: kitu kikikunjwa, upande wake wa nje huvutika kwa kiasi cha unene wake ukigawanywa kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha mkunjo. Chukua protekta ya kawaida yenye unene wa milimita 0.33, ikunje kwa nusu kipenyo cha milimita 1.5. Inadaiwa ivutike asilimia 11. Kioo hicho kitakuwa kimeshapasuka zamani. Chukua kioo chenye unene wa mikroni 30, kama kile kilichoingia kwenye Galaxy Z Flip mwaka 2020. Kinadaiwa asilimia 1 tu, na hiyo kinaweza kuibeba kikitengenezwa bila kasoro kwenye kingo. Wembamba ndio uliokifanya kiishi, na juu yake bado ikawekwa filamu laini, kwa sababu kioo chembamba hivyo hutobolewa na punje moja ya mchanga ikibanwa.

Katika kifaa hicho, basi, ulaini ndio kinga. Anayeudai ugumu pale anadai simu ivunjike.

Kuna hoja moja ya wapinzani ninayoiheshimu, nayo ni ya vumbi, ingawa hawaitetei vizuri. Simu za kukunja zilipoanza kutangazwa kuwa hazipitishi maji, mwaka 2021, ziliandikwa IPX8. Ile X maana yake vumbi halikupimwa. Mwaka 2024 Galaxy Z Fold6 ikaja na IP48. Ile 4 inaahidi kwamba kitu chenye upana unaozidi milimita 1 hakitaingia. Punje nyingi za mchanga wetu hazifiki milimita 1. Maana yake, kwa lugha ya Temeke, ni kwamba simu ile inaweza kudumbukia kwenye ndoo ya maji ikatoka salama, lakini haina ahadi yoyote dhidi ya vumbi la mtaa. Hiyo ni lawama halali kwa watengenezaji. Ila tazama lawama yenyewe inaelekea wapi: kwenye bawaba na mianya yake, si kwenye ulaini wa utando. Na wameshaanza kuisikia. Google ilipotangaza Pixel 10 Pro Fold mwaka 2025, iliipa IP68, ambayo 6 yake maana yake vumbi haliingii.

"Lakini nani Temeke atanunua simu ya bei hiyo?" Swali hili huulizwa kwa kejeli, kana kwamba teknolojia hukaa pale inapozaliwa. Tecno, chapa inayoshikwa na mikono mingi sana hapa mjini, ilitoa Phantom V Fold na Phantom V Flip mwaka 2023. Simu zilizotumika kutoka Dubai zinamwagika Kariakoo kila siku, na za kukunja zimo. Mwanafunzi wa ufundi pale VETA Chang'ombe atakabidhiwa simu hizo na wateja kabla hajazeeka kazini. Kumfundisha kwamba utando laini ni kasoro ni kumwandaa aharibu simu za watu.

Nimekaa sana kwenye mchanga. Jua ndilo linalonikera zaidi, maana kuhusu jua watu hawana hata imani potofu. Hawana imani yoyote. Hakuna anayeuliza.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kabla ya katikati ya Oktoba, na kati ya hapo haliendi mbali. Mfikirie huyu: wakala wa kutuma na kutoa pesa, mwamvuli juu, kiti cha plastiki chini, barabarani Temeke Mwisho. Mwamvuli unamkinga yeye. Simu yake inatazama juu, na juu kuna mawingu meupe yaliyopigwa na jua. Mng'ao wa wingu la namna hiyo unaweza kufika niti 10,000 na kuzidi (niti ni kipimo cha mng'ao). Simu ya bei ya kawaida hutoa niti 500 hivi.

Kila mahali mwanga unapotoka hewani kuingia kwenye kioo, asilimia 4 hivi hurudi. Ndivyo maumbile yalivyo, hakuna chapa inayoukwepa mpaka huo bila utando maalumu. Asilimia 4 ya niti 10,000 ni 400. Kwa hiyo rangi nyeusi kwenye simu ya wakala si nyeusi tena, inang'aa niti 400; nyeupe ni hizo 400 jumlisha 500 za simu, yaani 900. Tofauti ya herufi na karatasi yake ni mara 2 na robo. Sasa mbandikie ile protekta ya bei rahisi iliyopakwa gundi pembeni tu, katikati ikabaki hewa. Umemwongezea mipaka miwili mipya ya hewa na kioo, uakisi umefika asilimia 12. Nyeusi ni niti 1,200, nyeupe 1,700. Tofauti imeshuka chini ya mara moja na nusu. Namba ya simu ya mteja imekuwa kivuli juu ya kivuli, na humo ndimo 3 inasomwa 8 na pesa inakwenda kwa mtu mwingine. Kinyume chake, mpe utando unaoshusha uakisi hadi asilimia 1. Nyeusi ni niti 100, nyeupe 600, tofauti ni mara 6. Simu ni ileile, betri ileile, jua lilelile.

Dawa wanayoitoa wataalamu wa kijiweni ni kuongeza mwanga wa simu. Piga hesabu hiyohiyo: ili aliye na protekta ya hewa apate ile tofauti ya mara 6 atahitaji niti 6,000. Simu haina, na ingekuwa nayo ingemaliza betri kabla ya adhuhuri, ingechemka, na ikichemka inajipunguzia mwanga yenyewe ili isiungue. Dereva wa bodaboda aliyefunga simu kwenye usukani anaijua hali hiyo vizuri kuliko mimi. Wengine husema tumia protekta ya ukungu, isiyong'aa. Hiyo haiuondoi mwanga unaorudi, inautawanya tu: badala ya kuuona uso wako kwenye kioo unaona ukungu mweupe umefunika kila kitu. Na zile za faragha zinazopendwa sana siku hizi, ambazo jirani ndani ya mwendokasi hawezi kuchungulia, zinakata mwanga wa simu yenyewe. Ndani ya basi sawa. Juani umejinyima mwenyewe.

Utando wa kupunguza uakisi ni jambo la zamani. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss, Ujerumani, alisajili hatimiliki ya tando za namna hiyo kwa lenzi. Siri yake ni unene: utando wa nanomita 100 hivi, wenye kupinda mwanga kidogo kuliko kioo, hufanya wimbi linalorudi kutoka juu yake na linalorudi kutoka chini yake yafutane. Magnesi floridi ikipakwa hivyo juu ya kioo hushusha ile asilimia 4 hadi kati ya 1 na 1 na nusu. Mwaka 1938 Katharine Blodgett wa General Electric, Marekani, alipanga tabaka 44 za molekuli za kisabuni juu ya kioo, moja moja, akapata kioo ambacho jicho halikioni. Kasoro yake? Kidole kikipita, utando unafutika.

Hapa wapinzani wangu hushangilia: umeona, tando hizo hazidumu. Ilikuwa kweli kwa kazi ya Blodgett, na inabaki kweli kwa tando zinazoiga jicho la nondo, zenye vinundu vidogo kuliko wimbi la mwanga. Zinapunguza uakisi kwa namna ya kustaajabisha, kisha mafuta ya kidole yanajaza vinundu na ustaajabu unaisha. Lakini kuishia hapo ni kupuuza miaka yote iliyofuata. Januari 2024 Galaxy S24 Ultra ilitoka na kioo cha Corning ambacho kampuni hiyo inadai kinapunguza uakisi kwa hadi asilimia 75, nacho kinasuguliwa na vidole mchana kutwa. Kwa vioo vya kukunja kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa tabaka za oksaidi zinazofaa kwenye lenzi ni kavu, hupasuka zikivutwa. Njia inayotumika kwenye filamu za plastiki ni kuchanganya chembe za silika zenye uwazi ndani, tupu katikati, na gundi ya polima inayonyumbuka. Ule utupu ndio unaopunguza kupindwa kwa mwanga, na polima ndiyo inayokubali kukunjwa. Juu kabisa huwekwa utando mwembamba mno wa kuteleza, ili punje isipate pa kung'ang'ania na mafuta ya kidole yafutike kwa pasi moja. Ulaini, utelezi na uakisi mdogo vinafanya kazi pamoja. Neno ugumu limekaa mbali kidogo na mkutano huo.

Na asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya wenzetu. Mwaka 2009 Nuru Mlyuka wa Idara ya Fizikia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Gunnar Niklasson na Claes-Göran Granqvist wa Uppsala, Sweden, alichapisha kazi ya tabaka za vanadi dioksaidi na titani dioksaidi zilizopangwa kwa zamu ili dirisha lizuie joto na bado lipitishe mwanga mwingi. Kupanga tabaka za nanomita ili mwanga upite badala ya kurudi ni elimu ileile. Iko Mlimani, mwendo wa daladala moja kutoka Mwenge.

Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba hatuna uwezo wa kupima. Kipo kipimo cha Marekani, D968, ambacho humwaga mchanga wa kwatzi kupitia bomba juu ya utando hadi utando wenyewe uishe, na mchanga wao wanauchimba Illinois. Shirika la Viwango Tanzania linaweza kufanya jambo la namna hiyo kwa mchanga wa Kigamboni, kisha likapima vitu viwili: ukungu ulioongezeka kwenye utando baada ya kusuguliwa, na asilimia ya mwanga unaorudi kabla na baada. Namba hizo mbili ziandikwe kwenye pakiti kwa Kiswahili. Ile 9H ifutwe, au angalau iandikwe kwa ukweli wake: imeishinda penseli.

Mpaka siku hiyo, msomaji wangu, jilinde mwenyewe. Ukiwa dukani usimruhusu muuzaji atoe ufunguo. Mwombe protekta mbili, utoke nazo nje saa sita mchana, uziweke juu ya simu iliyowashwa na uzitazame angani. Chukua ile unayoweza kusoma namba ya simu kupitia kwake. Hakikisha gundi imejaa kioo chote. Na kabla ya kufuta kioo chako kwa kanga au shati, kipulize kwanza.